Mgeni Aombaye Jembe Siku ya Kwanza

Ifikapo mwezi wa Juni kila mwaka, askari wa doria apitaye Bukoto, katika barabara ya Old Kira au katika vichochoro vya Mulimira, huanza kukutana na makundi ya vijana wa kigeni. Wamevaa fulana za rangi moja zenye jina la shule yao, au la shirika lililowaleta. Wana umri wa miaka 18 au 19. Wametoka Uingereza, Ujerumani, Uholanzi, Marekani au Australia. Masomo ya sekondari wamekwisha yamaliza, na chuo kikuu bado hawajaingia. Usiku wamelala katika nyumba ya wageni yenye ukuta mrefu na mlinzi mlangoni, na asubuhi wanateremka kwenda kupaka rangi darasa, kufundisha nyimbo za Kiingereza, au kushinda na watoto katika nyumba ya yatima. Baada ya majuma matatu watakwenda kutazama gorila Bwindi, watapanda mashua katika mawimbi ya Nile huko Jinja, kisha watarejea makwao.

Askari huyo hana neno nao. Huwapungia mkono, nao humpungia. Makala haya yanauliza kama kupungiana mkono kunatosha.

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Waliotunga methali hiyo walijua kwamba mgeni hula, hulala, na hugharimu. Hawakumfikiria mgeni ashukaye katika ndege akiwa amelipa fedha nyingi kwao ili apewe jembe siku ya kwanza, alime kwa majuma mawili shamba asilolijua, apigwe picha, aondoke. Wala hawakumfikiria mwenyeji ambaye, kwa ajili ya heshima au kwa ajili ya fedha, haoni vema kumwuliza mgeni huyo kama amepata kushika jembe maishani mwake.

Desturi yenyewe si mpya. Mwaka 1958 Mwingereza Alec Dickson na mkewe Mora walianzisha shirika lijulikanalo kwa jina la VSO, na waliotumwa kwanza walikuwa vijana wachache waliotoka shule na kungojea kuingia chuo kikuu. Askari asomaye ukurasa huu atavutiwa kujua kwamba jambo hilo lilihusiana na jeshi. Uingereza wakati ule ilikuwa ikikomesha utumishi wa lazima wa jeshi. Kijana wa mwisho aliitwa mwaka 1960. Muda ambao vijana wake walikuwa wakiutumia kambini, kati ya shule na kazi, ukabaki wazi. Dickson aliona kwamba muda huo waweza kujazwa na utumishi wa namna nyingine, mbali na nyumbani.

Marekani ikafuata mwaka 1961, Rais Kennedy alipounda Peace Corps. Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kupokea watu hao, nao walikuwa wapimaji, wahandisi na wataalamu wa miamba waliokuja kusaidia kazi za barabara. Mwaka huo huo Makerere ilipokea walimu wa Kimarekani chini ya mpango wa Walimu kwa Afrika Mashariki, wakafunzwa hapo kabla ya kugawanywa mashuleni. Uganda ilipokea Peace Corps mwaka 1964. Mtu aweza kuwa na maoni yake juu ya siasa ya mipango hiyo, na wengi wakati ule waliiona kuwa ni mkono laini wa ubeberu. Lakini jambo moja lilikuwa dhahiri: watu hao walikuja kwa mapatano ya serikali na serikali. Kila mmoja alikuwa na kazi iliyotajwa, mkuu wa kumwongoza, na muda wa kukaa uliohesabiwa kwa miaka. VSO yenyewe, baada ya miaka michache tu, iliona kwamba vijana waliotoka shule moja kwa moja hawatoshi, ikaanza kutafuta watu wenye ujuzi.

Waliokuja baadaye hawakuja kwa njia hiyo. Safari ya kujitolea imekuwa bidhaa. Inanunuliwa na wazazi, inauzwa na makampuni, na pale inapofikia haipokelewi na wizara bali na mtu yeyote mwenye nyumba, kibao mlangoni, na watoto ndani. Hapo ndipo kazi ya vyombo vya ulinzi inapoanza. Na katika kazi hiyo historia ya nchi hii inatuonyesha makosa mawili yanayopingana.

La kwanza ni la mwaka 1973. Mwezi wa Julai mwaka huo ndege iliyochukua vijana 112 wa Peace Corps waliokuwa wakienda kufanya kazi Zaire ilitua Entebbe kujaza mafuta. Ilipokwisha ondoka, iliamriwa irudi. Idi Amin alishuku kwamba abiria wale ni mamluki. Vijana hao wakazuiliwa kwa muda wa siku mbili hivi, mpaka Rais Mobutu alipothibitisha kwamba ni wageni wake. Ndipo walipoachiliwa kuendelea na safari. Peace Corps ilikuwa imekwisha funga shughuli zake Uganda mwaka mmoja kabla, katika machafuko ya 1972.

Ni rahisi leo kucheka. Lakini tuwe waadilifu. Septemba ya mwaka 1972 watu wenye silaha walikuwa wameingia nchini kutoka Tanzania, na mamluki wa kizungu walikwisha fanya maovu yao Kongo katika miaka ya sitini, mbele ya macho ya Afrika nzima. Ofisa anayeona ndege imejaa vijana wa kigeni wenye nguvu, wote wa rika moja, ana haki ya kuuliza. Swali lilikuwa halali. Kilichoharibika ni kwamba halikuulizwa mahali penye jibu. Orodha ya abiria ilikuwapo, serikali iliyowaalika ilikuwapo, na simu kati ya Kampala na Kinshasa haikuwa jambo la miujiza. Badala yake dhana ilitangulia, amri ikafuata, na ushahidi ukaja mwisho. Nchi ikaaibika ulimwenguni kwa ajili ya walimu wa sayansi na kilimo.

Kosa la pili ni kinyume cha hilo. Nalo halikufanywa na dikteta mmoja. Limefanywa na sisi sote, na matokeo yake ni mazito kuliko siku mbili za usumbufu uwanja wa ndege.

Mwaka 2007 msichana mmoja wa Kimarekani, aliyekuwa ametoka shule tu, alikuja Jinja kujitolea. Alirudi kwao, akaja tena, na mwaka 2009, akiwa na umri wa miaka 20, akaanzisha shirika la Serving His Children katika mtaa wa Masese, kwa ajili ya watoto waliodhoofika kwa utapiamlo. Hakuwa na mafunzo ya udaktari wala ya uuguzi. Kituo kilikua, kikaajiri wauguzi wa hapa nchini, kikapokea watoto waliokuwa mahututi. Kwa hesabu iliyotolewa na upande wa shirika lenyewe, kati ya mwaka 2010 na 2015 watoto 940 walipokelewa na 105 kati yao walifariki. Mwaka 2015 maofisa wa afya wa wilaya walikifunga. Mwaka 2019 akina mama wawili waliofiwa na watoto wao walifungua shauri katika Mahakama Kuu ya Jinja. Walieleza kwamba walimdhania msichana yule kuwa daktari. Yeye alikana kwamba alijifanya daktari. Watetezi wake walisema kwamba watoto walifikishwa kwake wakiwa hoi, na kwamba wengi sana walipona. Mwaka 2020 shauri lilimalizwa kwa mapatano. Akina mama hao wakalipwa fedha, bila mtu yeyote kukiri kosa.

Si kazi ya makala haya kuhukumu jambo ambalo mahakama haikulihukumu. Swali letu ni dogo zaidi, nalo latuhusu. Je, kama msichana wa miaka 20 kutoka Bugiri au Kasese, asiye na cheti chochote, angefungua kituo mjini Jinja na kulaza watoto mahututi, ingepita miaka mingapi kabla ya mwenyekiti wa LC1 kumfikia, au askari kumbishia mlango? Kila msomaji anajua jibu. Ingepita miezi, labda majuma. Yule mwingine hakubishiwa kwa sababu watu waliona rangi yake, wakasikia maneno ya dini, wakaona dawa na chakula, wakadhani kwamba karatasi zote zimekwisha tazamwa na mtu mwingine. Kila mmoja alidhani hivyo. Ulinzi wote umejengwa juu ya kutodhani.

Tuje karibu zaidi. Kutoka Bukoto hadi kilima cha Naguru ni mwendo wa miguu. Juu ya kilima hicho ndipo makao makuu ya polisi yalipo. Katika mtaa huo huo, Desemba mwaka 2022, walikamatwa mume na mke, Wamarekani, ambao walikuja Uganda mwaka 2017 kujitolea Jinja na baadaye wakahamia Kampala wakiwa wanalea watoto. Polisi walikwenda baada ya mlezi aliyeajiriwa nyumbani humo kutoa taarifa juu ya mateso ya mvulana wa miaka kumi. Mwaka 2023 walikubali mbele ya mahakama kwamba walimtendea mtoto huyo kinyume cha utu. Walikubali pia kwamba walikaa na kufanya kazi nchini bila vibali halali. Mashtaka mazito zaidi yaliondolewa. Walitozwa faini, wakaamriwa kumlipa mtoto fidia ya shilingi milioni 100, na kifungo walichopewa kilikuwa miezi miwili ambayo walikwisha itumikia.

Wengi walizungumza juu ya udogo wa adhabu hiyo. Mimi naomba askari polisi atazame jambo jingine katika kesi hiyo: vibali. Karatasi ambayo ingemfanya ofisa kugonga mlango ule, kusalimu, kuingia, na kumwona mtoto kwa macho yake, ilikuwa imekwisha muda. Watu hudhani ukaguzi wa vibali ni kazi ya makarani. Wakati mwingine ndio mlango pekee wa halali wa kumfikia mtoto asiyeweza kupiga kelele. Na aliyeokoa jambo hakuwa ofisa. Alikuwa mfanyakazi wa nyumbani, aliyehatarisha ujira wake.

Watakaosema kwamba hayo ni matukio mawili tu wanasema kweli. Vijana walio wengi wanaokuja Bukoto hawana nia mbaya, na wengine watakuwa marafiki wa nchi hii maisha yao yote. Lakini hata wema wao una jambo linalouendesha, na jambo hilo ni soko. Mwishoni mwa miaka ya tisini watoto waliokaa katika nyumba za malezi nchini Uganda walikadiriwa kuwa elfu moja na kitu. Miaka ishirini baadaye walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Katika muda huo ukimwi ulikuwa umeanza kupungua kuua wazazi, na vita vya kaskazini vilikwisha. Yatima hawakuongezeka hivyo. Nyumba ndizo zilizoongezeka. Tena imeonekana mara kwa mara kwamba watoto walio wengi katika nyumba hizo wana baba au mama aliye hai, ama wote wawili. Wametolewa kijijini kwa ahadi ya shule. Nyumba isiyo na watoto haiwezi kupokea wageni wanaolipa, kwa hiyo watoto hutafutwa.

Bunge liliona hatari hiyo. Sheria ya Watoto ilirekebishwa mwaka 2016, na tangu hapo mgeni hawezi tena kuchukua mtoto kwa hati ya ulezi na kuondoka naye kama ilivyokuwa. Hana budi kukaa nchini mwaka mzima akimlea chini ya uangalizi kabla ya kuomba kumwasili. Mwaka 2020 serikali ya Marekani yenyewe iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda, wakili mmoja na mwenzake, kwa tuhuma za kuhusika na biashara ya kuwapeleka watoto huko kwa udanganyifu. Hapo awali wazazi wa vijijini walikuwa wameambiwa kwamba watoto wao wanapelekwa kusoma.

Kuna na jambo lisiloandikwa katika sheria yoyote. Mtoto wa miaka mitatu abebwaye na mgeni leo, akampenda, akaachwa baada ya majuma matatu, akabebwa na mwingine, akaachwa tena, mara kumi kwa mwaka, anajifunza somo ambalo hakuna aliyekusudia kumfundisha. Askari aliyewahi kurudi kutoka Somalia baada ya mwaka mzima, akamkuta mwanawe wa mwisho amejificha nyuma ya mama yake kwa kutomjua, hahitaji mtaalamu wa kumweleza. Lakini yule askari alirudi.

Hayo ni ya polisi zaidi. Mwanajeshi naye asidhani kwamba safari za wanafunzi hazimgusi. Mwaka 2003 vijana watatu wa Kimarekani walifunga safari kuja sehemu hizi wakiwa na kamera, bila mpango maalumu, wakiitafuta vita ya Sudan. Walijikuta Gulu, wakaona maelfu ya watoto wakitembea jioni kutoka vijijini kulala mjini kwa kuogopa kutekwa na waasi wa Joseph Kony. Wakatengeneza filamu, wakaunda shirika la Invisible Children, wakaipeleka filamu hiyo shule kwa shule huko Marekani. Wanafunzi waliandika barua kwa wabunge wao kwa maelfu. Mei mwaka 2010 Rais Obama alitia sahihi sheria ya kulipokonya silaha jeshi la Kony, na Oktoba mwaka 2011 alitangaza kutuma askari wapatao 100 kuwa washauri. Askari wa UPDF waliokaa Obo, katika msitu wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, mpaka operesheni ile ilipofungwa mwaka 2017, walifanya kazi pamoja nao. Mzizi mmoja wa ushirikiano ule ulikuwa safari ya vijana watatu waliotoka kutembea.

Kwa hiyo tusiseme kwamba watoto hawa wa matajiri hawawezi kitu. Wanaweza mengi kuliko wanavyojua, na hapo ndipo hatari ilipo. Machi mwaka 2012 shirika hilo lilitoa filamu ya nusu saa iliyotazamwa zaidi ya mara milioni 100 katika siku sita. Mtazamaji wa mbali aliweza kudhani kwamba Kony bado yuko Gulu, ingawa alikwisha ondoka Uganda tangu 2006 na askari wetu walikuwa wakimfuata katika nchi nyingine. Ilipoonyeshwa Lira, mbele ya watu waliokatwa viungo na kupoteza ndugu, wengine walikasirika hata wakarusha mawe. Waliona habari yao imesimuliwa na mtu mwingine, kwa ajili ya watu wengine. Waliopigana vita ile hawakuonekana sana katika filamu. Lakini hilo ni lalamiko la kale la wanajeshi, nami sitalirefusha.

Upande wa pili wa jambo ni ulinzi wa wageni wenyewe, na hapa hesabu imeandikwa kwa damu. Tarehe 1 Machi mwaka 1999 wauaji wa Interahamwe walivamia kambi za watalii Buhoma, pembeni mwa Bwindi, wakaua wageni wanane kutoka Uingereza, Marekani na New Zealand, pamoja na mhifadhi mmoja mwananchi wa Uganda. Tarehe 11 Julai mwaka 2010, usiku wa fainali ya Kombe la Dunia, mabomu ya al-Shabaab yaliua watu zaidi ya 70 Kyadondo na Kabalagala. Kyadondo alikufa kijana mmoja wa Kimarekani aliyefanya kazi na Invisible Children. Kabalagala walijeruhiwa waumini wa kanisa kutoka Pennsylvania waliokuja kujitolea. Oktoba mwaka 2023 wageni wawili waliokuwa katika fungate, na mwongozaji wao mwananchi wa Uganda, waliuawa na ADF katika mbuga ya Queen Elizabeth. Walioanguka pamoja na wageni hao, na kwa idadi kubwa zaidi, ni wananchi. Lakini kikosi kisichojua wageni wako wapi, ni wangapi, na nani anawaongoza, hakiwezi kuwalinda hata kikipenda. Kundi la vijana ishirini lililoingia kwa visa ya utalii, likalala Bukoto bila mwenyekiti wa mtaa kujua, likaondoka alfajiri kwenda mpakani mwa Kongo kwa gari la kukodi, ni kundi lisilokuwapo katika kitabu chochote mpaka siku ya msiba.

Basi askari wa Bukoto afanye nini? Kwanza ajue mipaka. Mwanajeshi hana kazi ya kusimamisha watu barabarani na kudai pasi zao. Yapo mamlaka yenye kazi hiyo, na ofisa wa uhamiaji ndiye msemaji wa kwanza. Polisi naye asigeuze jambo hili kuwa mtego wa kupata kitu kidogo. Nasema hivi kwa sababu sote tunajua kwamba swali la haki likiulizwa na mkono uliofunguliwa, mgeni hulipa, swali hufa, na mtoto aliye ndani ya nyumba hubaki alivyokuwa.

Baada ya hapo, maswali si magumu. Nani amewapokea, na je, shirika lake limeandikishwa? Wamekuja kutembea au kufanya kazi? Visa ya utalii ni ya utalii. Anayekuja kujitolea hutakiwa kuwa na pasi maalumu au kibali kinachoombwa na wenyeji wake, hata kama halipwi senti. Kufanya kazi bila mshahara hakuifanyi kazi kuwa mchezo. Kama watakuwa na watoto, nyumba hiyo ina ruhusa ya wizara? Nani anabaki na watoto hao usiku? Je, kuna mtu aliyeuliza makwao kama wageni hao hawana rekodi ya makosa dhidi ya watoto? Kitengo cha polisi cha ulinzi wa mtoto na familia kipo, na maswali hayo ni yake. Yaulizwe kwa adabu, mchana, mbele ya mwenyekiti wa LC1, na majibu yaandikwe. Kijana mwema hatachukia. Huko kwao asingeruhusiwa kuingia katika shule ya chekechea na kuwabeba watoto wa watu bila kuulizwa zaidi ya hayo.

Nilipofikiri juu ya neno hili kujitolea, nilikumbuka kwamba askari naye hulitumia. Wengi walioingia jeshini baada ya 1986 husema, nilijitolea. Lakini aliyejitolea namna hiyo alipimwa na daktari, akafundishwa miezi, akala kiapo, akapewa namba, na tangu siku hiyo hakuchagua tena pa kwenda wala siku ya kurudi. Aliyejitolea akiwa na tiketi ya kurudi mfukoni ni mtu wa namna nyingine. Si mbaya, ila asipewe kazi ya yule wa kwanza.

Na watoto wetu wenyewe? Mwanafunzi wa Kidato cha Sita nchini Uganda humaliza mtihani mwanzoni mwa Desemba, na chuo kikuu cha serikali hufunguliwa Agosti. Ni miezi minane. Naye ana mwaka wake uliobaki wazi, ingawa hakuna kampuni inayomwuzia safari. Katika miezi hiyo wengine huendesha boda boda, wengine huuza nguo Owino, wengine hupata mimba, wengine hudanganywa na mawakala wa kazi za Arabuni. Tanzania ililijaribu jambo hili mapema. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na mwaka 1966 ilipoamriwa kwamba wasomi wote walitumikie, wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu mia nne, na sheria ikabaki. Utumishi huo wa lazima ulisimamishwa mwaka 1994, ukarudishwa mwaka 2013 kwa waliomaliza Kidato cha Sita. Walioupitia husimulia mengi juu ya uji wa kambini, lakini husimulia pia kwamba hapo ndipo mtoto wa Mwanza alipomjua mtoto wa Lindi.

Kuna mfano mwingine ulio karibu na jambo letu. Shirika la Uingereza lililoitwa Students Partnership Worldwide lilianzishwa mwaka 1985 kwa kazi hii hasa, ya kupeleka vijana waliotoka shule kufundisha nchi za mbali, na Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi hizo. Kadiri miaka ilivyopita liligundua kwamba kijana wa nchi yenyewe, ajuaye lugha ya kijiji na ambaye hatapanda ndege baada ya miezi michache, anafanya kazi ile vizuri zaidi. Likaweka vijana wenyeji mbele, likabadili hata jina, na sasa linaitwa Restless Development. Wajerumani nao, ambao tangu mwaka 2008 hutuma vijana wao kwa mpango wa serikali uitwao weltwärts, walikubali mwaka 2013 kwamba mlango ufunguliwe pande zote mbili, na vijana kutoka nchi zetu waende kutumikia Ujerumani katika hospitali, shule na nyumba za wazee. Wanaokwenda ni wachache. Mtihani wa visa ni mgumu kuliko wa chuo kikuu. Huulizwa fedha za benki, huulizwa ardhi, huulizwa kama kweli watarudi. Hakuna Mjerumani aonaye haya kuuliza hayo.

Wizara zinazohusika zingeweza kuanza hapo: kila shirika linaloomba kuleta kijana mmoja kutoka nje lionyeshe kijana mmoja wa hapa atakayefanya naye kazi ile ile, kwa muda ule ule, na abaki na ujuzi baada ya mwenzake kuondoka. Ni sharti dogo. Mashirika mazuri yamekwisha lifanya bila kuambiwa. Mengine yatalalamika kwamba litaharibu biashara. Kwa sasa sharti hilo halipo, na Desemba ijayo, mtihani ukiisha, vijana wa Mulimira watakaa barazani miezi minane. Ifikapo Juni wataona fulana za rangi moja zikipita mbele yao kwenda kupaka rangi shule ile waliyosoma wao, na katika kundi lao wenyewe atakuwapo mmoja au wawili ambao baba zao ni mafundi rangi.